Bati la bodi kwa mashine ya fimbo

Ndugu, umeuliza kama mashine ya kuchomelea ya fimbo za milimita 2.5 inafaa kuziba sakafu ya gari iliyoliwa na kutu. Hapana, itazidi kuitoboa badala ya kuiziba. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 hadi 1 tu. Tafuta MIG, yaani mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, yenye waya wa milimita 0.6, ndiyo tunayotumia hapa gereji Ujiji. Kata kutu yote mpaka ukute chuma kinachong'aa, kisha chomelea nukta mojamoja, huku na kule, ukiacha ipoe. Ukivuta mstari mrefu bati linajikunja. Kiraka kisiwe bati la kuezekea: limepakwa zinki, nayo ikiungua, moshi wake unaleta homa. Na toa waya wa hasi kwenye betri kwanza.