Sala ya ukimya na biashara ya utulivu
Ndugu, umeuliza kama sala ya kimya ya watawa wa kale ina tofauti yoyote na mazoezi ya kutuliza akili ambayo leo huuzwa katika nchi za Magharibi kupitia programu za simu. Tofauti ipo, tena kubwa, ingawa kwa nje yote mawili yanafanana: mtu ameketi, amenyamaza, anavuta pumzi polepole. Utamaduni wa kisasa wa Magharibi humweka mtu binafsi katikati, hivyo ukimya hugeuka kuwa chombo cha kumrudisha kazini akiwa na nguvu mpya. Kwa watawa wa kale haikuwa hivyo. Yohane wa Msalaba, mtawa wa shirika la Kikatoliki la Wakarmeli nchini Hispania, alifungwa na watawa wenzake huko Toledo kuanzia Desemba 1577 hadi alipotoroka Agosti 1578, katika chumba chembamba kilichopata mwanga kupitia tundu dogo la juu ukutani, na humo ndimo alimotunga baadhi ya mashairi yake makuu ya kumpenda Mungu. Baadaye alifundisha kwamba giza la roho, ambamo faraja zote hukauka, ni sehemu ya safari yenyewe. Sidhani kama kuna programu ya simu itakayothubutu kumwahidi mteja jambo hilo. Wala si lazima mtu akimbilie jangwani, kama wengi wanavyodhani: Bruda Lawrence, mpishi katika nyumba ya Wakarmeli mjini Paris katika karne ya 17, alisali katikati ya kelele za vyungu sawasawa na alivyosali mbele ya altare.