Nikiingia KDF Nikafa, Nitaswaliwa?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 23, kwetu ni Kwale. Nina cheti cha ufundi wa injini, na kwa sasa natengeneza injini za maboti Shimoni. Kazi ikipatikana siku mbili, tatu haipo. Baba alifariki. Usajili wa KDF, jeshi la ulinzi la Kenya, ukitangazwa nataka kwenda. Mama ameridhia, ingawa usiku namsikia akilia. Ami yangu ameapa kwamba nikivaa magwanda yale nikafa hataniswalia, kwa kuwa nitakuwa nimekufa chini ya bendera ya makafiri nikiua Waislamu Somalia, na amenitumia hotuba kwenye simu. Tena kuna mtu anasema nafasi ya jeshi anaiuza shilingi 350,000, na mama anataka kuuza kishamba chetu cha minazi. Naomba hukumu. Na kama yafaa, niombe upande gani: nchi kavu, anga au majini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Suali la bendera nimeulizwa mara nyingi tangu Oktoba 2011, majeshi yetu yalipovuka mpaka kuingia Somalia, na kwa kawaida hulijibu kwa maneno machache baada ya darsa ya Magharibi. Lako nimekaa chini kuliandikia kwa sababu ya hiyo minazi ya mamako. Nitaifikia.

Hukumu yenyewe haina urefu. Kuajiriwa katika jeshi la nchi unayoishi kwa amani, nchi isiyokukataza swala wala kukulazimisha dini nyingine, kunajuzu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, na kiapo cha jeshi hakimtaki mtu amkane Mola wake. Kazi ya kulinda watu na mipaka asili yake ni halali; huharamishwa na yale mtu atakayoyatenda ndani yake. Anayesema ni haramu tangu mlangoni, na zaidi anayesema ni ukafiri, yeye ndiye wa kuleta dalili.

Ami yako simvunjii heshima. Uchungu wake naujua unakotoka. Hapa Pwani wako vijana waliochukuliwa usiku na hawajarudi mpaka leo, na mama zao tunaswali nao msikiti mmoja. Aliyeyaona hayo, sare yoyote ya serikali humchemsha damu. Lakini uchungu hauwi dalili ya kisheria. Niliwahi kuitwa kusalisha janaza ya mwanajeshi huko huko Kwale. Jeneza limeshawekwa, safu zinapangwa, na wanaume kama kumi wamekaa chini ya mwembe hawainuki. Mjane alikuwa akiwaona kupitia dirishani. Sijapata kusalisha janaza nzito kama ile, na tangu siku hiyo sina subira na wanaofundisha watu kukaa chini ya mwembe.

Hotuba za namna aliyokutumia ami yako nazijua. Zote husimama juu ya Hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Muslim: mwenye kupigana chini ya bendera ya upofu, akikasirika kwa ajili ya asabiya, au akiita kwenye asabiya, au akiinusuru asabiya, kisha akauawa, kifo chake ni cha kijahiliya. Hapo mhutubu hufunga kitabu. Kwanza, asabiya ni mtu kumpigania wa kwao kwa kuwa ni wa kwao, awe kwenye haki au batili. Bendera za aina hiyo sisi Wakenya huziona kila baada ya miaka mitano, wakati wa kura, na sijasikia wahutubu hao wakizigusa.

Pili, na hili ndilo linaloniudhi, Hadithi haijaisha hapo. Inaendelea: na atakayeutokea umma wangu akawapiga wema wao na waovu wao, asimwepuke muumini wao, wala asimtimizie mwenye ahadi ahadi yake, huyo si katika mimi wala mimi si katika yeye. Sasa mhutubu atuambie maneno haya yanamwangukia nani, jeshi letu au Al-Shabaab wanaopigana nalo huko Somalia. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori la mabomu lililipuka kwenye makutano ya Zoobe, Mogadishu, wakafa zaidi ya watu 500, karibu wote Waislamu, wachuuzi na abiria waliokuwa wakirudi makwao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa Kikristo waliokuja kusoma katika mji wa Waislamu wakiamini usalama wa majirani zao. Mwenye ahadi ni nani kama si hao? Kusoma nusu ya juu na kuificha nusu ya chini ni sawa na kusoma “ole wao wanaoswali” kisha ukanyamaza.

Watakwambia pia aya ya 93 ya Suratun Nisaa, ya mwenye kumuua muumini kwa kukusudia. Hiyo si ya kuchezewa, mwanangu, na nataka uibebe moyoni hata ukiwa na bunduki begani. Lakini Aliyeiteremsha ndiye aliyeteremsha Hujurat aya ya 9: makundi mawili ya waumini yakipigana, yapatanisheni, na moja likilidhulumu jingine, lipigeni linalodhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu. Sayyidna Ali aliwaacha Khawarij, kundi lililomwasi na kuwakufurisha Waislamu wenzao, waseme walilotaka, wala hakuwafukuza misikitini. Aliwapiga pale Nahrawan, mwaka 38 Hijria, baada ya wao kumchinja Abdullah bin Khabbab na kumpasua tumbo mkewe aliyekuwa mjamzito. Walikuwa watu wa swala nyingi na alama za sijda usoni.

Na hiyo “bendera ya makafiri” Somalia, mbona ilialikwa na Waislamu? Mwaka 2012 jeshi letu liliingia chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, likiwa bega kwa bega na serikali ambayo katiba yake ya muda, iliyopitishwa Agosti mwaka huo huo, inasema dini ya dola ni Uislamu. Djibouti, nchi ya Waislamu, nayo ilipeleka askari wake. Sisemi kila risasi iliyopigwa ilikuwa ya haki. Raia nao waliumia, na kila mmoja atasimama na hesabu yake mbele ya Mola. Nasema tu kwamba kumtoa mtu katika dini kwa kazi hii ni ujasiri ambao mimi sinao. Jenerali Mahmoud Mohamed, Mwislamu wa Garissa, alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Kenya kuanzia 1986 hadi 1996. Sikusikia mwanachuoni wa Pwani akisema ameritadi.

Kuna kisa nakipenda ambacho wahutubu hawakigusi. Waislamu wa mwanzo walipohamia Uhabeshi kwa Najashi, mfalme wa nchi ya Kikristo, akatokea mtu kumnyang’anya ufalme. Bi Ummu Salama anasimulia kwamba hawakuwahi kupata huzuni kama ile. Majeshi yakakutana ng’ambo ya Mto Nili, na Maswahaba wakauliza, nani atakwenda kutuletea habari? Zubayr, kijana mdogo kuliko wote, wakampulizia kiriba akakifunga kifuani, akaogelea mpaka ng’ambo. Nyuma yake wenzake wakawa wanamwomba Mwenyezi Mungu ampe Najashi ushindi. Hawakushika silaha, hilo nakubali. Lakini waliijua nchi iliyowapa amani, na hawakuona haya kuiombea dua.

Basi kujuzu si kusema utii lolote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipeleka kikosi na kumweka mtu wa Ansari kuwa amiri wao. Amiri akakasirika njiani, akawaamrisha wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani, kwa hoja kwamba waliamrishwa kumtii. Wakatazamana. Wakasema, tulimkimbilia Mtume kwa sababu ya moto, leo tuuingie? Habari ilipomfikia Mtume akasema lau wangeuingia wasingetoka humo. Utiifu ni katika wema tu. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Juni 2024 wanajeshi walitolewa barabarani kusaidia polisi wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha. Siku kama hiyo ikikukuta, ukaamrishwa umpige risasi kijana aliyeshika chupa ya maji na bendera, ukumbuke wale waliotazamana. Mkubwa wako hatakubebea dhambi hiyo.

Haya, minazi.

Ami yako anahofia utakufa chini ya bendera gani. Mimi ninahofia utaingia kwa mlango gani. Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Zayd bin Khalid al-Juhani kwamba alikufa mtu siku ya Khaybar, katika jeshi la Mtume mwenyewe. Akaambiwa Mtume, akasema: “Mswalieni mwenzenu.” Nyuso za watu zikabadilika. Akawaambia mwenzenu amefanya hiyana katika njia ya Mwenyezi Mungu. Wakapekua mzigo wake, wakakuta shanga za Mayahudi zisizofika thamani ya dirhamu mbili. Unaona, mwanangu? Bendera ilikuwa bora kuliko zote zilizowahi kupeperushwa, na mtu wake hakuswaliwa na Mtume kwa ajili ya shanga. Hata hivyo Maswahaba waliambiwa wamswalie. Hapo kiapo cha ami yako hakina pa kusimama.

Sasa linganisha shanga zile na 350,000. Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi, na katika riwaya ya Ahmad yupo wa tatu, mpita kati yao. Sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina maneno, lakini maana yake iko wazi. Nawajua mabroka wenye ndevu wanaowaambia vijana kwamba ulamaa wameruhusu kulipa ili upate haki yako. Ndiyo, wapo walioruhusu kwa aliyenyimwa haki yake iliyothibiti na asiyekuwa na njia nyingine. Nafasi ya jeshi haijawa haki yako mpaka uchaguliwe. Ukiinunua umemwondoa kwenye foleni mtoto wa mjane mwingine aliyekimbia kukushinda, meno yake yote mazima, vyeti vyake halali, ila mamake hana minazi ya kuuza. Hiyo utaiitaje haki?

Na huyo mtu huenda hana hata nafasi ya kuuza. Usajili ni bure, na jeshi hulitangaza hilo kila msimu. Vijana wamewahi kufika Eldoret kwenye mafunzo na mabegi yao, wakatoa barua za kuitwa walizolipia, zikakutwa bandia, wakaishia korokoroni. Shamba limekwenda na kijana ana kesi. Namba ya mtu huyo ipeleke kwa wanaopambana na rushwa, wala usimuonee haya.

Kuhusu upande, sheria haikutaja nchi kavu wala anga, hivyo hapa nakushauri kama mzee tu. Fahamu kwanza kwamba makurutu hufunzwa Eldoret na jeshi ndilo linalowapangia pa kwenda. Kwa cheti chako, subiri nafasi za mafundi zitangazwe, uombe majini. Mkono wako tayari unaijua dizeli na maji ya chumvi, na Mtongwe, kwenye kambi ya jeshi la majini, si mbali na mamako. Nina sababu nyingine pia. Alfajiri nikifungua msikiti huwakuta mateja wamelala barazani, wengine niliwafundisha alifu na bei. Unga ule wa kulevya hupita baharini, na akiyazuia mtu majahazi yake mimi simuulizi amevaa sare gani. Tena Septemba 2019 gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye, tulisimama ukingoni karibu wiki mbili tukiwatazama wapiga mbizi wa jeshi wakishuka na kupanda mpaka miili ikatolewa ikazikwe. Kumrudishia mtu maiti wake si jambo dogo katika dini yetu.

Ila usidhani majini ni kuikwepa Somalia. Kismayo, Septemba 2012, iliingiliwa kutokea baharini. Kama moyo wako hautaki kabisa vita, wako Walinzi wa Pwani walioanzishwa 2018, kazi yao ni bahari hii hii, wavuvi haramu na magendo.

Melini utatawadha kwa maji ya bahari bila wasiwasi; Mtume aliulizwa hilo akasema maji yake ni twahara na maiti wake ni halali. Mafunzoni usiache swala kwa kuona haya. Jeshi letu lina maimamu, mtafute wa kwako wiki ya kwanza. Na Eldoret kuna baridi ambayo wewe wa Kwale huijui, beba sweta.

Ami hana nafasi ya baba katika idhini hii. Una wajibu wa kumheshimu, lakini ruhusa ni ya mamako, na mama anayelia usiku huenda hajaruhusu, amenyamaza tu. Kijana mmoja alimwendea Mtume akitaka kwenda vitani, akaulizwa: wazazi wako wako hai? Akasema ndiyo. Akaambiwa, basi fanya juhudi zako kwao. Kaa na mamako, muulize analia nini hasa. Ikiwa analilia minazi, mwambie haiuzwi. Ikiwa anakulilia wewe, jibu langu lote hapo juu liweke kando mpaka aseme kwa kinywa chake, nenda.

Ami yako umsomee Hadithi ile ya bendera mpaka mwisho wake. Akishikilia kiapo, kiapo kina kafara yake, kulisha maskini kumi. Na akikataa hata kafara, feri ya Likoni ni bure kwa mwenda kwa miguu. Nitavuka mwenyewe nije kukuswalia, ikiwa utanitangulia, na naomba usinitangulie. Wallahu a’lam.