Kabla Hujailaumu Fayawoli, Sikiliza Ulivyojibiwa

Niliwahi kuilaumu fayawoli (kichujio kinachoruhusu au kuzuia mawasiliano ya mtandao) isiyo na kosa kwa siku tatu. Programu yetu ilishindwa kuifikia hifadhidata ya PostgreSQL kwenye poti 5432 (poti ni mlango wenye namba ambao huduma husikiliza kwenye seva), nami bila kupima chochote nikawaandikia watu wa mtandao kwamba wameniziba. Walipokuja kutazama, hifadhidata ilikuwa inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani inajisikiliza yenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tangu hapo nabisha hodi kwenye poti yenyewe kwanza. Ping haisaidii hapa, kwani hutumia ICMP, itifaki ya ujumbe wa mtandao, na haina habari na poti. Kwenye Linux natumia nc -vz, kisha jina la seva na namba ya poti. Kwenye Windows, Test-NetConnection pamoja na -Port.

Kisha naangalia nilivyojibiwa. Ukikataliwa papo hapo, hodi yako kwa kawaida imefika, ila hakuna huduma inayosikiliza pale. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijibiwa siku zote tatu, nami sikuelewa. Ingia kwenye seva, andika ss -ltn, uone huduma inasikiliza anwani ipi. (Zipo fayawoli zinazokataa waziwazi namna hiyo, ila mimi nimekutana nazo mara chache.)

Ukingoja mpaka muda unaisha bila neno, hapo sasa una haki ya kuishuku fayawoli, kwa sababu nyingi hutupa pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni) kimyakimya. Lakini ya nani? Washa tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye seva, kisha ujaribu tena kutoka kwako. Pakiti za SYN, yaani zile za kuomba kuunganishwa, zisipoonekana, zimepotelea njiani. Zikionekana na seva isijibu, shuku fayawoli ya seva hiyo hiyo, maana kwenye Linux tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla fayawoli ya ndani haijaitupa. Seva ikijibu nawe hupati kitu, fuatilia njia ya kurudi.

Hayo yote ni ya TCP, ambayo huunganisha pande mbili kwanza. UDP, inayotuma bila kuunganisha, ni kazi nyingine. Huko hata poti iliyo wazi inaweza kukunyamazia.

Ukiwaandikia watu wa mtandao, wape anwani ya chanzo, anwani ya seva, poti, TCP au UDP, na saa kamili uliyojaribu. Bila saa hawajui watafute wapi kwenye kumbukumbu za fayawoli. Na kama unapitia VPN (njia ya faragha inayokupitisha kwenye mtandao mwingine), anwani wanayoiona wao huenda siyo ile unayoiona wewe kwenye kompyuta yako.