Maswali ya wasomaji: Nimeitwa kazi maabara, nyumbani wanasema ni ya kudeki damu

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 22, naishi Pasua, Moshi. Kidato cha nne Baiolojia nilipata D, Kemia nikaangukia F. Nimeuza mitumba Memorial mpaka nimechoka. Sasa kuna hospitali imeniita niwe mhudumu wa maabara. Mama hataki kusikia, anasema nitadeki damu za watu na kutuletea magonjwa ndani. Rafiki yangu naye anasema nikishazoea nitakuwa napima mwenyewe, kisha nitafute kozi ya miezi mitatu nipate cheti cha maabara. Nifanyeje?
Msomaji, Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi ichukue. Mama msikilize nusu, rafiki usimsikilize kabisa.

Kudeki utadeki, sikufichi. Utaosha vioo, utamwaga taka, utaandika joto la friji asubuhi na jioni (lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kupita 8), na umeme ukikatika wewe ndiye utakayeulizwa vitendanishi, yaani dawa za kupimia, viko salama au la. Mshahara nao hautakujengea nyumba Shanty Town. Mimi nimeifanya kazi hiyo hapa hapa Moshi mpaka nikastaafu, najua ninachokwambia.

Ila muda wako mwingi utakuwa dirishani unapokea sampuli, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Raundi ya madaktari ikiisha, wodi zote zinaleta chupa kwa mkupuo na kila nesi anasema yake ni ya haraka. Wewe shika chupa moja. Soma jina, soma namba ya faili, linganisha na fomu. Jina peke yake halitoshi: huku kwetu wodi moja inaweza kuwa na kina Mushi watatu na kina Massawe wawili, na wawili kati yao wakaitwa Anna. Namba isipolingana, chupa irudi wodini hata kama nesi amenuna. Mashine haijui damu ni ya nani. Itakutolea jibu zuri kabisa, la mtu mwingine.

Kisha itazame chupa yenyewe. Yenye kifuniko cha zambarau, ile ya picha kamili ya damu, ina dawa ya kuzuia kuganda. Iinamishe taratibu uone kama kuna bonge. Likiwepo mwite mteknolojia, yule aliyesomea kupima, kabla haijaingia mashineni. Yenye kifuniko cha bluu, ya kupima damu inavyoganda, lazima ijae mpaka kwenye mstari, maana dawa yake imepimwa sehemu moja kwa tisa za damu. Usizitikise wala usikimbie nazo ngazini. Chembe nyekundu zikipasuka, potasiamu, madini yaliyo ndani yake, inapanda kwenye karatasi ya majibu na mgonjwa hana hata habari. Damu ya kupima sukari nayo ikitiwa kwenye chupa isiyo yake badala ya ile ya kifuniko cha kijivu, halafu ikasahaulika mezani, chembe zinaendelea kuila sukari ile. Kwa joto letu la Februari, mwenye kisukari anaweza kusomeka mzima, akarudishwa nyumbani.

Sasa hofu ya mama. Ana haki, ila anaogopa pasipo kujua kinga ipo. Kabla hujasaini uliza chanjo ya homa ya ini B: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ukifika mwezi wa sita. Virusi hivyo vinaambukiza kwa damu kirahisi kuliko VVU, na bado watu wanaogopa VVU tu. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, ng'ang'ana. Sindano ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye, na umwambie msimamizi saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zinaanzwa mapema kadiri iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zinamezwa siku 28. Boksi la sindano likifika robo tatu, lifunge. Anayelisindilia kwa mkono ili asifungue jipya, huyo sijamwelewa mpaka leo.

Damu ikimwagika, vaa glovu, ifunike kwa karatasi, mwagia klorini, subiri dakika kumi ndipo ufute. Klorini yenyewe soma chupa: ikiwa ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji, unapata asilimia 0.5. Wapo wanaomimina kwa macho kama wanaongeza maji kwenye mchuzi. Koti la kazi liache kazini. Mama asilione hata kwenye kamba.

Kupima mwenyewe, hapana. Kuna wanaosajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na wewe si mmoja wao. Zamu ya usiku watu wakipungua utaambiwa, "hebu isome hiyo malaria." Kataa kwa adabu, mwite wa zamu. Na majibu usimwambie mtu. Jirani wa Pasua atakusubiri getini kumuulizia shemeji yake. Mwambie majibu yanatoka kwa daktari, mbadilishie mazungumzo.

Kozi ya miezi mitatu ya kukufanya mteknolojia haipo. Stashahada ni miaka mitatu. Kinachokuzuia sasa ni ile F. Jisajili mtahiniwa wa kujitegemea urudie Kemia. Mtihani ni Novemba, na hapo maabara utakuwa na watu wa kukuelekeza bila ada. Siku ya kupangiwa ratiba, omba zamu za asubuhi upate jioni za kusoma. Omba mapema, maana ukishazoeleka kuwa mtu wa usiku, kubadilishiwa ni shughuli.