Kazi ya Sadaka Ishonwe Kama ya Kulipwa

Mhariri, swali lenu la juma hili lauliza: asiye na fedha amtolee Mungu nini? Najibu: amtolee kazi ya mikono yake, ile ile anayoiuza sokoni, na kwa ubora ule ule.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu. Soko letu hufurika zaidi Jumapili, kwa hiyo anayefunga cherehani akaenda ibadani ameshatoa kabla kapu la sadaka halijamfikia. Lakini ninayotaka kuisemea ni sadaka ya Januari, wakati wa kufungua shule, nyanya wanaolea wajukuu yatima wanapotoka Nyalenda na Manyatta na kitambaa cha sare mkononi, bila pesa ya kushonesha.

Hapo ndipo moyo wa fundi hupimwa, maana kazi isiyo na malipo hutia mkono haraka. Suruali ya mtoto wa darasa la pili yataka pindo la inchi mbili, lifumuliwe mwakani akirefuka. Yataka mshono wa pili msambani, pale katikati ya miguu, ambako suruali za watoto huchanika kwanza, na kingo zote zipigwe ovaloki, la sivyo nyuzi zitachomoka zikifuliwa mara chache tu. Hayo hayaonekani mtoto anapopigwa picha mbele ya kanisa. Mungu anayaona, na nyanya atayaona muhula wa tatu. Ukimpunja yatima pindo kwa kuwa hakulipa, hapo hujamtolea Mungu chochote.

Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli na Oholiabu, mafundi wa hema ya ibada wakati wa Musa, walijaliwa hekima ya kuchonga na kutarizi, na wanawake waliosokota nyuzi wanatajwa papo hapo. Dorkasi wa Yafa naye alipofariki, wajane walilia mbele ya Petro wakimwonyesha kanzu alizowashonea. Hawakutaja fedha zake.

Nina ombi kwa wazee wa kanisa, na linaniuma. Msimpe fundi kazi kisha mkaigeuza sadaka. Nimeona seremala akimaliza madawati ndipo anaambiwa "hii ni ya Mungu", na nyumbani watoto wanangoja unga. Vitu vya kujengea hema ile ya Musa vililetwa na walioguswa mioyo, na vilipokuwa vya kutosha Musa akatangaza watu wasilete tena. Muulizeni fundi mapema: hii unauza au unatoa? Akisema anauza, mlipeni bila kununa. Akisema anatoa, mwacheni aseme mwenyewe ni suruali ngapi.

Fundi wa Kibuye, Kisumu