Unapolalamikia kipindi, usiandike "jana"

Kwa miaka saba kazi yangu ilikuwa kusoma barua pepe za watazamaji wa kituo kimoja cha televisheni. Nikiingia zamu asubuhi nilianza na zile zilizoandikwa usiku wa manane, maana anayeandika saa hizo jambo lake bado linamchoma. Walilalamikia sauti iliyopotea katikati ya mechi, jina la marehemu lililotamkwa vibaya, mtangazaji aliyemkatiza mzee akiwa bado anaeleza. Mengi yalikuwa malalamiko ya haki, na nilipenda kuyajibu.

Barua ninayotaka kuieleza ilitoka kwa mama mwenye mtoto wa miaka sita. Ilikuwa hivi: "Jana saa moja na dakika kumi usiku, katikati ya katuni, mlipitisha tangazo la filamu ambamo mtu anamkimbiza mwenzake na panga. Mwanangu alilia na hakutaka kulala chumbani kwake. Naomba matangazo ya namna hii msiyaweke saa za watoto. Ahsanteni." Chini aliweka jina lake kamili na namba ya simu.

Nikaenda kutazama rekodi. Alisema kweli tupu. Tangazo la sekunde ishirini lilikuwa limepangwa mahali pasipo pake. Siku hiyohiyo likahamishiwa baada ya saa tatu usiku, nikamwandikia kumwomba radhi na kumweleza tulichofanya. Akashukuru. Kwangu mimi shauri lilikuwa limekwisha.

Nisichokijua ni kwamba kabla sijamjibu, alikuwa ameibandika barua yake kwenye kundi la wazazi, akiuliza kama kuna mwingine aliyeliona tangazo hilo. Mtu akaichukua. Katika nakala ya kwanza niliyokuja kuiona baadaye, ombi na shukrani vilikuwa vimekatwa. Labda aliyeinakili aliona ni maneno ya ziada. Katika nyingine, "tangazo la filamu" limekuwa "filamu". Kisha "mwanangu" akawa "watoto". Wiki chache baadaye watoto walikuwa watatu na wamelazwa hospitali. Miezi mitatu ikapita, barua ikanirudia mwenyewe mezani, imetumwa na watu wa mahali ambako matangazo yetu hayafiki kabisa, wakinidai maelezo kuhusu filamu ya mauaji tuliyowaonyesha watoto jana.

Jana! Neno hilo ndilo lililoipa barua uhai mrefu. Siku mama yule alipoliandika lilikuwa sahihi. Baada ya miezi mitatu lilikuwa bado linasomeka upya kama mkate wa asubuhi, na kila aliyelisoma alihesabu siku moja nyuma kutoka pale alipo. Angeandika tarehe, barua ingezeeka yenyewe, na msomaji wa mwezi wa pili angejua kwamba jambo ni la zamani.

Nimelitafakari sana hili, na sidhani kama katika mnyororo ule kulikuwa na mtu aliyekaa chini akaamua kudanganya, isipokuwa huenda yule wa hospitali. Wengine kila mmoja alifanya jambo dogo. Mmoja alifupisha, mwingine akakumbuka vibaya, mwingine akaongeza kichwa cha habari ili watu wasipite bila kusoma. Na mimi nimo. Katika ripoti yangu ya ndani ya siku ile niliandika, kwa haraka ya zamu: "Filamu ya mauaji saa za katuni". Maneno sita. Sijui yalitokaje ofisini, lakini niliyakuta neno kwa neno juu ya mojawapo ya nakala zile, kwa herufi kubwa. Yaliniuma, kwa sababu rekodi nilikuwa nimeitazama kwa macho yangu na nilijua kuwa ilikuwa tangazo.

Watu wengi hawajui jinsi barua pepe ilivyo rahisi kubadilika. Unapompelekea mtu barua uliyopokea, maneno ya mwandishi wa kwanza huwa maandishi ya kawaida ndani ya barua yako. Unaweza kufuta sentensi, kugeuza tarakimu, kuongeza jina, na jina la mwandishi likabaki pale juu kana kwamba yote ni yake. Taarifa za kweli za safari ya barua, yaani saa iliyotumwa na mitambo iliyopitia, zimo kwenye kichwa cha barua ya awali, sehemu ambayo wengi hawaifungui na ambayo skrinishoti haiibebi. Kwenye WhatsApp hali inafanana. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi huwekewa alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unapelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Ila mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, alama inatoweka na ujumbe unazaliwa mara ya pili, safi, kama vile ameuandika yeye.

Haya hayakuanza na simu zetu. Huko Marekani, Desemba 1974, watu wawili wa redio, Jeremy Lansman na Lorenzo Milam, waliiomba Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, isitishe kwa muda kuwapa vikundi vya dini leseni mpya za masafa yaliyotengwa kwa elimu. Ombi likapewa namba RM-2493. Tarehe 1 Agosti 1975 tume ikalikataa, basi. Lakini uvumi ulikuwa umeshatoka mlangoni: kwamba Madalyn Murray O'Hair, mwanaharakati maarufu asiyeamini Mungu, amepeleka ombi la kufuta vipindi vyote vya dini hewani. Hakuhusika na ombi lile hata kidogo. Mamilioni ya barua za kupinga yakamiminika FCC miaka nenda miaka rudi, kila moja ikitaja namba ile ile ya ombi lililokwisha kukataliwa. Barua pepe ilipofika, uvumi ukahamia humo, ukapata na kipindi kipya cha kuhofia, Touched by an Angel cha CBS, ambacho hakikuwa hata kimebuniwa mwaka 1974. O'Hair alitoweka mwaka 1995, na mabaki yake yakapatikana mwaka 2001; barua ziliendelea kuzunguka kana kwamba bado yuko mlangoni pa tume na karatasi mkononi.

Namba ya ombi ndiyo inayonishangaza zaidi. Ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli iliufanya uongo wote uliobaki uonekane umethibitishwa. Tangu nijue habari hiyo, nikiona malalamiko yanayozunguka yakiwa na kitu kimoja kinachothibitika, naendelea kukagua vilivyobaki kimoja kimoja.

Ukutane pia na hesabu kwa tahadhari. Oktoba 2004 FCC hiyohiyo ilipendekeza faini ya karibu dola milioni 1.2 dhidi ya vituo vya Fox kwa sababu ya kipindi kiitwacho Married by America, ikitaja malalamiko 159. Mwandishi Jeff Jarvis aliomba kuyaona kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari. Yaliyotolewa yalikuwa 90, kutoka kwa watu 23, na karibu yote yalikuwa nakala za maneno yaleyale. Waliokaa wakaandika barua yao wenyewe walikuwa watu watatu. Uingereza, Oktoba 2008, kipindi cha BBC Radio 2 ambamo Russell Brand na Jonathan Ross waliacha ujumbe wa matusi kwenye simu ya mwigizaji Andrew Sachs kilipata malalamiko mawili tu mwanzoni. Gazeti lilipoiandika habari hiyo wiki moja baadaye, yakawa makumi ya maelfu. Kosa lilikuwapo, na mdhibiti Ofcom aliwatoza BBC faini ya pauni 150,000 mwaka 2009. Lakini wingi ule ulikuja kwa kusoma habari gazetini kuliko kusikiliza kipindi. Kwa hiyo ukiambiwa "maelfu wamelalamika", uliza wangapi walikiona au kukisikia kipindi, na wangapi waliletewa barua iliyokwisha kuandikwa wakabonyeza kutuma.

Nisieleweke vibaya. Nataka watu walalamike. Kituo kisicholalamikiwa hujisahau haraka sana, na barua ya mama yule ilibadilisha ratiba siku moja. Ila andika barua ambayo hata ikikatwa bado itasimama. Weka tarehe kamili, jina la kituo, jina la kipindi na saa, na urudie tarehe katikati ya maelezo, maana mstari wa juu ndio wa kwanza kuanguka. Tenganisha ulichokiona na ulichokihisi. "Mtu alikuwa na panga" ni jambo la kuonekana kwenye rekodi. "Mnaharibu watoto wetu" ni maumivu yako, nayo yana haki yake, lakini yakichanganywa na tukio, msomaji wa nne hatajua lipi ni lipi. Ombi lako liweke mapema, kwenye sentensi ya pili au ya tatu, lisikae mwishoni. Namba ya simu iache kwenye fomu ya kituo kama ipo, au itume kwa barua ya pili ukiombwa. Na usiibandike barua nzima popote kabla hujajibiwa. Ukitaka kuuliza wenzako kama wameona, waulize swali tu.

Kwa wewe unayeletewa barua ya mtu mwingine, kuna swali moja ambalo limenisaidia kuliko yote: ni lini hasa? Mwulize aliyekuletea. Asipojua, mwombe amwulize aliyempa yeye. Mara nyingi utafutaji unafia hapo, na hapo ndipo usambazaji nao unapaswa kufia. Ikiwa tarehe ipo, angalia kama kituo kimeshatoa jibu, kwa sababu jibu halisafiri pamoja na malalamiko. Sijaona hata nakala moja ya barua ile iliyokuwa na jibu langu chini yake.

Wenzangu wa upande wa pili wa meza, jibu lenu liandikwe kana kwamba litasomwa na mtu asiyeiona barua iliyoulizwa. "Tumelishughulikia suala lako" halimsaidii yeyote. Nilibadilisha majibu yangu yakawa hivi: tarehe fulani, saa fulani, tulirusha tangazo hili wakati usiofaa, tumelihamisha kuanzia leo, tarehe fulani. Mtu akilinakili, ukweli unanakiliwa wote.

Mama yule alipigiwa simu na watu asiowajua kwa wiki nyingi. Wengine walimpongeza, wengine walimtukana kwa kuzusha habari za hospitali ambazo hakuzitamka kamwe. Alinipigia akiwa amechoka, sauti imekauka, akaniuliza, "Kaka yangu, mimi niliandika nini hasa?" Hakuwa na barua yake tena, na baada ya kusoma nakala nyingi kiasi kile alikuwa ameanza kutokuwa na uhakika na maneno yake mwenyewe. Nikamtumia barua yake ya awali jinsi ilivyofika kwetu, pamoja na jibu letu na tarehe zote mbili. Nikamshauri asijibizane na kila anayepiga. Airudishe barua nzima pale ilipotokea kwanza, kwenye kundi la wazazi, akiwa ameficha namba ya simu, na amwombe kila aliyeichukua aipeleke alikopeleka ile nyingine.

Alifanya hivyo jioni ileile. Simu zilipungua taratibu. Nakala mbovu niliendelea kuipokea kwa mwaka mzima uliofuata, mara moja au mbili kwa mwezi, na kila ilipokuja nilijibu kwa maneno yaleyale, nikianza na tarehe.