Somo la msituni liingie kwenye azimio la kazi

Walimu wengi wa huku Dodoma wakisikia habari ya kufundishia nje huwaza ziara: basi, michango ya wazazi, siku nzima imekwenda. Hapa tunazungumzia kipindi cha kawaida cha Hisabati au Sayansi, vipindi viwili mfululizo vya dakika 40, chini ya migunga na mikwaju iliyo karibu na shule. Pasipofikika kwa miguu ndani ya dakika 10, tafuta pengine.

Fungua azimio la kazi kwanza, yaani mpango wa mada za mwaka, chagua umahiri mahususi mmoja (ujuzi ambao mtaala unataka mwanafunzi aupate), kisha ujiulize ni mti gani utakaoufundisha. Anayeanza na mti hurudi na majani mengi mkononi, asijue aandike nini kwenye andalio la somo.

Msimu nao una amri yake. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mada za majani na miche zikae Januari hadi Machi. Ifikapo Agosti miti mingi imekwisha kupukutisha. Uchavushaji usubiri Novemba, mbuyu unapochanua. Ua lake hufunguka jioni na huchavushwa na popo. Asubuhi watoto huyaokota yaliyoanguka, wakahesabu petali 5 na kushangaa wingi wa stameni.

Kwenye Hisabati ndiko msitu unakolipa zaidi. Darasa la Tano wakifika kwenye desimali, wape kazi ya urefu wa mti. Simamisha fimbo ya mita 1 wima, pima kivuli chake, pima na kivuli cha mti papo hapo. Fimbo ikitoa kivuli cha mita 1.4 na mti mita 8.4, gawanya: mti una mita 6. Fanyeni saa 3 asubuhi. Huku jua la mchana hukaa karibu na utosi, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba kivuli cha adhuhuri karibu hutoweka, hivyo kosa la sentimita chache kwenye fimbo huwa mita nzima kwenye mti. Epuka mgunga wenye kichwa bapa, kwa sababu kivuli kinachopimwa huwa cha pembeni mwa matawi, si cha kilele. Ardhi nayo iwe tambarare.

Darasa la juu kidogo lipime mzingo wa shina, mita 1.3 kutoka chini. Kamba ikisoma sentimita 154, zidisha kwa 7, gawanya kwa 22, kipenyo ni sentimita 49. Mbuyu usiuanzie: shina lake lina mabonde, kamba hupita juu yake, na jibu huzidi ukweli. Kamba iwe ya katani. Ya nailoni huvutika, kila kikundi kikaleta jibu lake.

Sayansi inahitaji kopo tu. Ondoa kifuniko na kitako cha kopo, kunja makali, lisukume sentimita 3 ardhini, mimina nusu lita ya maji na hesabu muda yanavyozama. Rudia chini ya mti na kwenye njia ya ng'ombe. Kopo likiingia upande, maji huvuja pembeni na matokeo hayafai.

Watoto 70 hawapimi mti mmoja. Wagawe vikundi vya 6, kila kikundi na mti wake, kamba yake na mwandishi wake. Pasipokuwa na mwalimu wa pili, toka na nusu ya darasa, nusu ibaki na zoezi la maandishi.

Kabla ya siku hiyo, pita mwenyewe. Angalia nyuki kwenye matundu ya mibuyu, upupu uliokauka, na utomvu wa manyara, ambao ukiingia jichoni ni balaa. Miiba ya mgunga hupenya ndala, kwa hiyo watoto wavae viatu. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa, na wazee waulizwe kama kichaka hicho ni cha tambiko. Mtaala hauhalalishi kukanyaga pasipokanyagwa.

Ukitaka kazi ya mwaka mzima, tumia kisiki hai. Wakati wa kiangazi, chagueni kisiki chenye machipukizi, acheni 2 hadi 5 yaliyonyooka, pogoeni mengine, na matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Fungeni kitambaa kwenye yaliyoachwa, pimeni urefu wake kila mwisho wa mwezi, chora grafu. Kiswahili kitapata taarifa ya kuandika. Zungushieni matawi ya miiba mapema, kwani mbuzi hula machipukizi machanga kabla ya kipimo cha pili.